Mlinzi Halelewi Gizani: Kuchagua na Kumfundisha Mtoto wa Mbwa

Hotuba hii ilitolewa na daktari wa mifugo mbele ya wakazi wa mtaa mmoja mjini Morogoro. Inachapishwa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana, na nyinyi watoto mlioketi hapa mbele, nawasalimu nyote.

Nawashukuru kwa kuniita, na zaidi nawashukuru kwa kuja kwa wingi kusikiliza jambo ambalo kwa kawaida haliitishiwi mkutano. Tumezoea kukutana kwa ajili ya maji, taka, barabara na ulinzi wa usiku. Mbwa, ambaye analala katika nyua zetu nyingi na ambaye sauti yake tunaisikia usiku kucha, huwa tunamkumbuka siku ambayo ameshamuuma mtu. Leo nataka tumkumbuke mapema, tumkumbuke akiwa bado ananyonya.

Nimeombwa nieleze namna ya kumchagua mtoto wa mbwa na namna ya kumfundisha, nami nitafanya hivyo. Lakini naomba kwanza niliseme wazi lile ninaloliamini, ili hata atakayelazimika kuondoka kabla sijamaliza aondoke nalo. Ukali na ulinzi ni vitu viwili tofauti. Mbwa anayemrukia kila apitaye, awe muuza maziwa, mwanafunzi au shangazi aliyekuja kusalimia, mara nyingi ni mbwa mwenye hofu, na hofu hiyo tumempandikizia sisi wenyewe tulipomfungia bandani akiwa na miezi miwili, tukiamini kwamba asipoona watu atakuwa mkali. Imani hii imeenea mno. Wapo wanaomlisha pilipili, wapo wanaompulizia moshi wa bangi, wapo wanaomkata masikio. Je, imetusaidia? Mwizi aliyejipanga humrushia mbwa wa namna hiyo kipande cha nyama chenye sumu akaendelea na shughuli yake. Anayeng'atwa ni mtoto wa jirani aliyeingia uani kufuata mpira wake.

Tuanze, basi, kabla mbwa hajafika nyumbani.

Mwaka 1899 huko Ujerumani, ofisa mmoja wa zamani wa jeshi la wapanda farasi, Max von Stephanitz, alimwona mbwa wa wachungaji kwenye maonyesho, akavutiwa naye, akamnunua na kumpa jina la Horand von Grafrath. Kutokana na mbwa huyo, na chama cha wafugaji alichokianzisha mwaka huohuo, tumempata yule ambaye leo tunamwita Jemani shepadi, na ambaye kila mwenye geti anatamani kuwa naye. Stephanitz alikuwa akitafuta nini? Alitafuta mbwa wa kuchunga kondoo: mwenye akili, mwenye pumzi ya kutembea kutwa nzima kandokando ya malisho, anayemtazama mchungaji wake na kungoja neno lake. Sasa mchukue mbwa huyo, ambaye damu yake inamdai mwendo na kazi, umfungie katika banda la mbao ambalo hata kujinyoosha ni shida, kuanzia alfajiri hadi saa mbili usiku, siku zote za uhai wake. Atazunguka palepale, atatafuna mbao, atajilamba mguu mpaka utoke kidonda. Halafu tutasema kwamba mbwa ameharibika. Mbwa huyo hajaharibika, ndugu zangu. Amenyimwa kazi aliyoumbiwa na watu waliomkuza.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni mbwa wa aina gani aliye bora, jiulize una nini cha kumpa. Nani atakuwa nyumbani mchana? Uzio upo? Nani atamlisha unaposafiri? Je, kuna mtoto mchanga au mzee anayetembea kwa mkongojo? Utaweza kununua chakula cha mbwa mkubwa mwezi hadi mwezi, pamoja na chanjo zake na dawa zake za kupe? Mwenye majibu mafupi kwa maswali haya achague mbwa anayelingana na majibu hayo, wala asione haya.

Hapa niruhusuni nimtetee mbwa wetu wa kienyeji, kwa sababu ninaona anadharauliwa pasipo haki. Tunamwita koko, tunampiga mawe, kisha tunakwenda kukopa fedha ili tununue mbwa mwenye pua fupi ambaye joto la Februari la Morogoro linamkata pumzi. Yule mbwa maarufu wa kusini mwa Afrika, mwenye mstari wa manyoya yaliyogeukia mbele mgongoni, ambaye sifa zake ziliandikwa rasmi mjini Bulawayo mwaka 1922, aliurithi mstari ule kutoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi, wenyeji wa asili wa kusini mwa Afrika. Mbwa wa misitu ya Kongo, ambaye hatoi sauti ya kubweka kama wenzake, leo anafugwa na kupigiwa mfano Ulaya na Marekani. Hao nao walikuwa mbwa wa vijijini. Mbwa wa kienyeji aliyezaliwa uani kwa jirani yako, mama yake ukimjua, anavumilia jua letu, anaridhika na chakula cha kawaida, na akilelewa vizuri anafundishika kama mbwa mwingine yeyote.

Nimesema mama yake ukimjua, na hapa nataka tukae kidogo. Unapokwenda kuchagua, mtazame mama. Kabla ya kutazama rangi, mtazame mama. Kabla ya kuuliza bei, mtazame mama. Je, mwenye nyumba anaweza kumshika huku wewe umesimama? Akikuona mgeni, anabweka kisha anatulia, au anajificha nyuma ya pipa huku ananguruma? Mama mwenye hofu huwarithisha watoto wake hofu hiyo mara mbili, kwanza kwa damu na kisha kwa mfano, kwa kuwa wanamwona kila siku anavyowakimbia watu. Muuzaji asiyetaka umwone mama, muuzaji anayekutana nawe stendi au kando ya barabara akiwa na boksi la watoto wa mbwa, mshukuru na uende zako.

Kisha chuchumaa katikati ya watoto wenyewe na usifanye chochote kwa muda. Yupo atakayekurukia na kuwakanyaga wenzake. Yupo atakayebaki pembeni ametetemeka. Na yupo atakayekuja taratibu, akakunusa viatu, akaondoka, akarudi. Kwa familia yenye watoto, mara nyingi mimi hupendekeza huyo wa tatu. Angusha funguo sakafuni hatua chache kutoka alipo: kushtuka si tatizo, mbwa mwenye afya anashtuka, tazama kama baada ya sekunde chache anarudi kuzinusa funguo hizo. Mnyanyue kwa mikono miwili, mmoja kifuani na mwingine matakoni, umshike mpaka atulie. Mfunue mdomo uone ufizi, ambao unapaswa kuwa wa waridi. Ufizi mweupe huashiria upungufu wa damu, na chanzo chake mara nyingi ni minyoo, viroboto au kupe. Tumbo lililovimba huku mbavu zinaonekana ni minyoo. Nusa masikio yake, kwa maana sikio lenye afya halinuki. Inua mkia uone kama kuna dalili ya kuhara. Geuza manyoya ya ndani ya mapaja na katikati ya vidole vya miguu, ambako kupe hupenda kujificha.

Na umri je? Kilebu, yaani mtoto wa mbwa, asitenganishwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki nane. Najua ninagusa biashara ya watu, lakini lazima niseme, kwa sababu sokoni tunauziwa watoto wa wiki nne na tano. Katika wiki hizo anajifunza kutoka kwa mama na ndugu zake jambo ambalo binadamu hawezi kumfundisha vizuri kama wao: kiasi cha nguvu ya meno yake. Anamng'ata ndugu yake, ndugu analia na kuacha mchezo. Anamng'ata mama kwenye chuchu, mama anasimama na kuondoka. Kila mara meno yanapozidi, raha inakatika. Aliyekosa shule hiyo atakuja kujifunzia kwenye mikono ya watoto wetu.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha safari yangu ya leo.

Mwaka 1961 watafiti wa Marekani, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara iliyoko Bar Harbor, jimbo la Maine, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mfuga mbwa anastahili kulijua. Waliwachukua mbwa wa jamii zinazojulikana kwa upole, wakawaacha wazae na kulea ndani ya kiwanja chenye uzio mrefu, chakula kikiingizwa kwa tundu ili watoto wasimwone mtu hata mmoja. Baadhi ya watoto hao walitolewa kwa juma moja ili wakae na watu na kucheza nao, kisha wakarudishwa kiwanjani: wengine walitolewa wakiwa na wiki mbili, wengine tatu, wengine tano, wengine saba, wengine tisa. Kundi moja halikutolewa kabisa hadi lilipofikisha wiki 14. Mnadhani ilikuwaje? Kwa waliotolewa wakiwa wadogo, juma moja tu la kukaa na watu liliwatosha kumkubali binadamu. Lakini wale wa wiki 14, watoto wa mbwa wapole, waliolishwa vizuri na ambao hakuna aliyewahi kuwapiga, walikuwa kama wanyama wa porini, wakimkimbia binadamu kana kwamba ni chui.

Hakuna aliyewatesa. Hakuna aliyewapa pilipili. Walikosa watu tu, na walikosa katika wiki zile ambazo ubongo wa mbwa unaamua ni nani katika dunia hii ni mwenzake na nani ni hatari. Dirisha hilo hufunguka akiwa na umri wa wiki tatu hivi, na kufikia wiki ya 12 hadi ya 14 linakuwa linafungwa. Wiki 14 ni miezi mitatu na siku kadhaa! Sasa nawauliza, wazee wangu: sisi tunayempokea mbwa wa miezi miwili na kumtia bandani mpaka atakapofikisha miezi sita, tunafanya nini? Jambo ambalo watafiti walilazimika kujenga uzio mrefu ili kulipata, sisi tunalipata kwa mbao chache na kufuli.

Waswahili walisema udongo uwahi ungali maji. Wiki za kwanza baada ya kilebu kufika kwako ndizo za kumwonyesha dunia atakayoishi, na dunia yake ni mtaa huu. Mwonyeshe bodaboda ikiwashwa. Mwonyeshe mama aliyebeba ndoo kichwani, kwa maana kwa macho ya mbwa mtu mwenye ndoo kichwani ni kiumbe mwenye umbo jingine kabisa. Mwonyeshe mzee mwenye kanzu na mkongojo, mlinzi mwenye koti kubwa na kofia, mtu mwenye mwavuli, watoto waliovaa sare wanaotoka shule kwa kelele. Mpeleke karibu na mashine ya kusaga, ila si karibu mno. Mwache awatazame kuku na mbuzi huku umemshika, asije akajifunza kwamba ni vitu vya kukimbiza. Kila kipya kiambatane na kitu kizuri: kipande cha dagaa, sauti ya upole, mkono unaomkuna kifuani.

Angalieni sana, nasema mwonyeshe, sikusema mlazimishe. Mbwa mwenye hofu huzungumza kabla hajauma. Anafyata mkia, anarudisha masikio nyuma, anageuza uso, analamba pua yake ilhali hakuna chakula, anapiga mwayo ilhali hana usingizi. Ukiona hayo, rudi naye nyuma hatua kadhaa, umwache atazame kwa mbali mpaka mwili wake ulegee. Kumkokota kwa kamba hadi miguuni mwa kile anachokiogopa ni kumthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kukiogopa.

Najua kuna mtu hapa anajiuliza: daktari, wewe huyohuyo hutuambia mbwa asitoke nje kabla ya kumaliza chanjo, sasa tushike lipi? Ni swali la haki. Ugonjwa wa parvo, unaoleta kutapika na kuhara damu, huua watoto wa mbwa kwa siku chache, na virusi vyake hudumu ardhini kwa miezi mingi. Jibu langu ni kwamba kilebu asikanyage mahali ambapo mbwa wasiojulikana hupita, lakini abebwe. Mbebe mkononi, mtie kwenye kikapu, keti naye barazani au mbele ya duka la jirani. Macho, masikio na pua vitafanya kazi yake bila miguu kugusa udongo wa hatari. Wakati huohuo, chanjo ya mchanganyiko, inayokinga parvo na magonjwa mengine kwa pamoja, ianze akiwa na wiki sita hadi nane na irudiwe kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16, na dawa ya minyoo apewe mara kwa mara kuanzia akiwa bado ananyonya. Na kama ua wako umewahi kupoteza mbwa kwa parvo, usilete kilebu asiye na chanjo hapo. Nijie kwanza tuzungumze.

Jambo la kufundisha lina mfano mkubwa hapahapa Morogoro, wala hatuna haja ya kuusafiria. Mnamjua Magawa? Naona watoto wanacheka, kwa sababu wanajua kwamba Magawa alikuwa panya. Alikuwa panya buku, aliyezaliwa mwaka 2013 na kufunzwa na shirika la APOPO, lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akafanya kazi miaka mitano, akagundua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya mia moja, na mwaka 2020 shirika moja la hisani la Uingereza likamtunuku medali ya dhahabu ya ushujaa ambayo kabla yake hakuna panya aliyewahi kupewa. Alistaafu mwaka 2021 na kufa Januari 2022.

Panya huyo alifundishwaje? Je, alipigwa? Alinyimwa mwanga? Alifungiwa ili awe mkali? Panya hawa huanza kuzoeshwa watu na sauti za dunia wakiwa wachanga, mara tu macho yao yanapofunguka. Kisha hufundishwa kwamba mlio mdogo wa kidude maalumu maana yake ni ndizi. Baada ya hapo, kila wanapofanya lililo sahihi wanasikia mlio na wanapata kipande cha ndizi, na kila wanapokosea hawapati kitu. Mlio na ndizi, mlio na ndizi, siku baada ya siku, kwa miezi kadhaa. Ikiwa panya anafunzwa kwa ndizi hadi anaaminiwa maisha ya watu, ni nani atakayeniambia kwamba mbwa, ambaye binadamu amekaa naye kwa maelfu ya miaka, hawezi kuelewa mpaka apigwe teke?

Mbinu ni hiyohiyo. Chagua neno moja litakalokuwa na kazi ya ule mlio; wengi hutumia "safi". Chukua dagaa, uwakate vipande vidogo kama punje ya mahindi, au maini yaliyochemshwa. Anza na kuitwa, kwa kuwa mbwa anayekuja anapoitwa ataepushwa na gari, ataepushwa na ugomvi, na mgeni ataepushwa naye. Rudi nyuma hatua tatu, chuchumaa, mwite jina lake mara moja na useme "njoo" kwa sauti ya furaha. Anapogusa mkono wako tu, sema "safi" na mpe kipande hapohapo. Muda ndio kila kitu hapa. Ukichelewa mpaka ameketi na kuanza kujikuna, utakuwa umemlipa kwa kujikuna. Dakika tatu au nne zatosha, mara kadhaa kwa siku, kabla ya kula na wala si baada ya kushiba. Na nyumba nzima itumie maneno yaleyale. Baba akisema "njoo", mama akisema "kuja hapa", kijana akipiga mluzi, kilebu atawasikiliza wote na hatamwelewa hata mmoja.

Kuna sharti moja katika neno hilo ambalo nawasihi mlishike. Usimwite mbwa ili umwadhibu. Kamwe. Ameiba samaki, unamwita, anakuja, unampiga. Unadhani umemwadhibu kwa samaki, kumbe umemwadhibu kwa kuja. Kesho utamwita naye atakaa mbali akikutazama, na utasema ni kiburi.

Vivyo hivyo kwa haja. Wapo wanaomsugua kilebu pua kwenye mkojo alioukojoa nusu saa iliyopita. Haelewi chochote isipokuwa kwamba mikono yako inatisha. Mbwa wa miezi miwili hawezi kujizuia kwa muda mrefu, na usiku kucha ndiyo kabisa hawezi. Mpeleke mwenyewe kwenye kona ileile ya ua kila anapoamka, kila anapomaliza kula, kila anapomaliza kucheza, na kabla ya kulala. Akifanya pale, msifu na umpe kitu. Akikosea barazani, osha vizuri harufu iishe, kisha ongeza safari za konani.

Kuhusu kuuma katika mchezo, fuateni alivyofanya mama yake. Meno yakigusa ngozi, mchezo unakoma. Simama, kunja mikono, geuka, subiri mpaka atulie. Mpe kitu cha kutafuna, kamba nene au mfupa mkubwa mbichi, maana kati ya miezi minne na saba anabadilisha meno na fizi zinamsumbua. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Chokoleti na vitunguu ni sumu kwake. Wala msiwaache vijana wafurahie kumchokoza kwa mikono na kumkimbiza ili ang'ate, kwa sababu ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Lililochekesha akiwa na kilo tatu litapeleka mtu hospitali akiwa na kilo thelathini.

Na ulinzi? Utakuja wenyewe. Mbwa aliyelelewa na watu wake hupenda ua wake na hujua nani wa nyumbani, na kadiri anavyokua, kwa kawaida baada ya kutimiza mwaka, hubwekea lisilo la kawaida. Kwa kuwa mchana amezoea kumwona muuza maziwa na mwanafunzi, hatapoteza pumzi yake kwao. Akibweka saa nane za usiku, utajua kuna jambo, na utaamka. Mbwa anayembwekea kila mtu usiku na mchana hamwamshi mtu tena, tumekwisha kumzoea.

Watoto, sasa sikilizeni nyinyi. Msimkaribie mbwa anayekula, anayelala, au anayenyonyesha. Msimkimbie mbwa msiyemjua. Simameni wima kama mti, mikono kifuani, macho chini. Na mbwa akikuuma au kukukwaruza, hata kidogo, hata kama ni wa kwenu, sema nyumbani siku hiyohiyo. Usifiche kwa kuogopa kupigwa. Wazazi, nawaomba mniunge mkono hapa, kwa sababu mtoto anayejua atapigwa atanyamaza, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu 59,000 kila mwaka duniani, na kwamba katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Julai 1885 mtoto mmoja Mfaransa wa miaka tisa, Joseph Meister, aliumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mama yake alisafiri naye hadi Paris kwa Louis Pasteur, ambaye alikuwa na chanjo ambayo bado ilikuwa katika majaribio. Mtoto akachanjwa kwa siku kadhaa mfululizo, akapona, akakua, akazeeka. Mama yule hakuwa na uhakika wowote, alikuwa na tumaini peke yake. Sisi tunao uhakika. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali bila kuchelewa kwa ajili ya chanjo. Na mbwa mwenyewe achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Mnakumbuka mwaka 1994, ugonjwa wa distempa, ambao nao ni wa virusi na huwapata mbwa, ulipoua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti? Watafiti waliufuatilia hadi kwa mbwa wa vijiji vilivyo jirani na hifadhi. Mbwa mmoja asiyechanjwa hajawahi kuwa jambo la nyumba moja.

Neno fupi kuhusu ujirani. Mtaa wetu una Waislamu wengi, na mate ya mbwa kwao ni najisi inayohitaji kuoshwa kwa utaratibu wake. Mwenye mbwa amheshimu jirani yake: amfunge kamba watu wanapoelekea msikitini, na amfundishe asirukie nguo za watu. Nami kwa upande wa pili nawakumbusha ndugu zangu Waislamu, kwa heshima, kwamba mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa uwindaji ameruhusiwa, na kwamba katika hadithi ya Mtume yupo mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kwa hiyo bakuli la maji safi kivulini, banda kavu lenye sakafu iliyoinuliwa, na muda wa kufunguliwa kila siku ni haki ya mbwa, na nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa mnyama.

Ndugu mwenyekiti, nina maombi mawili kwa mkutano huu kabla sijakaa. La kwanza, tukubaliane hapa kwamba hakuna mkazi atakayetoa au kuuza kilebu aliye chini ya wiki nane, na kwamba anayetoa amwonyeshe mchukuaji mama wa kilebu na amweleze ni dawa gani ya minyoo imeshatolewa na lini. Aliyekwisha kuahidiwa mtoto ambaye bado ananyonya asimchukue sasa. Aende amtembelee huko aliko, amshike, acheze naye, na siku ya kumchukua aje na kipande cha kitambaa alicholalia na mama yake ili akilalie usiku wa kwanza. La pili, wenye mbwa wote wajiandikishe kwa mjumbe wao wa shina, wakitaja idadi na umri, ili nijue nilete chanjo kiasi gani ya kichaa cha mbwa tutakapokutana tena uwanjani. Mbwa wakubwa waje na kamba imara, vilebu wabebwe.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa nipo tayari kwa maswali, nikianza na watoto.